Simu Iliyokataa Jina la Mtoto

Mkono uliomkamata Rosalie bega pale soko la Tsoka haukuwa wa mwizi, msomaji. Heri ungekuwa wa mwizi.

Ulikuwa wa Gélase.

"Shemeji," Gélase akasema, kwa upole wa mtu anayeomba chumvi kwa jirani. "Unapita karibu na meza yangu ya vitenge hata husalimu."

Rosalie hakugeuka haraka. Kwanza aliifunika simu na pindo la kitenge chake, ndipo akageuka.

"Nilikuwa na haraka, shemeji."

"Haraka ya simu ya mdogo wangu."

Honoré, fundi wa simu, alikuwa nyuma ya meza yake, bisibisi mdomoni. Akainamisha kichwa. Fundi wa Tsoka anajua kazi yake: familia ikianza kugombana mbele ya meza, yeye anakuwa kiziwi.

Kama gazeti la wiki jana walikufungia mandazi kabla hujalisoma, shika haya upesi. Jules Nizigama, mume wa Rosalie, alikufa kwa ugonjwa wa figo. Aliacha mke, binti mmoja anayeitwa Iteka, na simu. Simu yenyewe ni Blackberry ya zamani, ile ya mabosi, yenye klavye ya herufi ndogondogo kama mbegu za papai na kijipira katikati cha kuzungusha kwa kidole. Jules aliipata Bujumbura alipokuwa anatunza ghala la kampuni moja, akakimbia nayo mkandani mpaka Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi huku Malawi. Mambo ya barua pepe yalishakufa humo zamani. Ilibaki na kazi moja tu. Aliipanga ijiwashe yenyewe kila asubuhi, na mpaka leo, mwenyewe akiwa kaburini, kila asubuhi inajiwasha kando ya mto wa Rosalie, kitaa chekundu kinapepesa, kama mtu anayejiandaa kwenda kazini.

Wiki yake ya mwisho hospitalini Jules aliisogeza mdomoni, akarekodi sauti yake. Kisha akamwambia mkewe: "Neno langu juu ya mtoto liko humu. Mulisikilize siku ya kuganduka. Ufunguo ni jina la mtoto."

Kuganduka kwetu ni kuondoa kilio. Siku hiyo mzee wa ukoo anauliza mbele ya wote: nani ana neno la marehemu? Likikosekana, kaka ya marehemu ndiye anayeamua watoto waende wapi. Mke hasemi. Mke ametoka kwa watu wengine, na mdomo wake ni mdomo wa mgeni.

Na Gélase alishaamua. Familia yake imekubaliwa kuhamia Kanada. Jina la binti yake Carelle lingali kwenye faili, ila Carelle mwenyewe malaria ilimchukua mwaka jana, na Gélase hakuwaambia watu wa ofisi. Anataka Iteka apande ndege akiwa Carelle. Akishapanda, Rosalie hatakuwa mama ya mtu tena. Kwenye makaratasi ya dunia hii atakuwa mwanamke asiyezaa.

Jules alimkatalia Gélase jambo hilo uso kwa uso, kitandani. Rosalie alikuwepo. Kwa hiyo alijua simu itasema nini, kama tu ingefunguka.

Haikufunguka. Aliandika jina la mtoto, ikakataa. Akaliandika kwa herufi kubwa, ikakataa. Akaandika jina lake mwenyewe, la mama mkwe, la mji walikofungia ndoa. Ikakataa yote. Na simu hizi hazina mchezo: ukikosea mara kumi, inafuta kila kitu kilichomo, picha, majina, sauti, inarudi tupu kama ilivyotoka dukani. Mara tano zilikwisha. Baada ya ya tano simu ilidai kwanza aandike jina lake yenyewe, blackberry, ndipo impe nafasi nyingine, kama mlevi anayeulizwa kama anajua kwao ni wapi. Rosalie akalinakili kutoka kwenye kifua cha simu, herufi kwa herufi.

Ikakataa hata jina lake. Ndiyo sababu alikuja Tsoka.

"Nipe nijaribu," Gélase akasema. "Tulitoka tumbo moja. Mawazo yake nayajua."

"Hapana, shemeji. Jumamosi tutaifungua mbele ya wazee."

"Unaninyima simu ya mdogo wangu hapa sokoni, kilio hakijaondoka?"

Alilisema kwa sauti ya kufika mbali. Wauza nyanya wakainua vichwa. Mwanamke mmoja wa Uvira aliyekuwa anapanga dagaa akaguna. Mjane asiyeganduka akigombana hadharani na kaka ya mume wake, hata wageni wanajua nani wa kulaumiwa.

Rosalie akatoa simu.

Gélase akaishika kwa vidole gumba viwili, kama alivyoona mabosi wanavyofanya. "B. L. Sasa A. Eh, hii ni nini? Nafinya A, inaandika Q."

Akacheka.

"Honoré, hii simu na yenyewe ni mkimbizi. Imechanganyikiwa kichwa."

Honoré hakucheka. Gélase akafuta, vidole vyake vikatangatanga juu ya klavye, hapa na pale, mpaka A ikatokea kwenye kioo. Akamaliza jina la simu, blackberry. Simu ikakubali, ikampa nafasi ya kujaribu.

Msomaji, wengine wangeshukuru wakapita. Rosalie alikuwa ameangalia kitu kingine. Yeye akiandika hutafuta herufi moja moja kwenye klavye, kioo hakioni. Lakini sasa kazi ya kutafuta ilikuwa ya mwingine, macho yake yalikuwa huru. Aliona kidole cha Gélase kilikuwa juu ya herufi gani A ilipotokea.

Akaliweka moyoni.

"Sasa tuone," Gélase akasema, na akaanza kubonyeza. Ikakataa. Akabonyeza tena. Ikakataa.

"Baba, polepole," Honoré akasema, bisibisi imetoka mdomoni. "Iko inakula nafasi."

"Ninamtafuta mdogo wangu."

Ikakataa tena. Rosalie akachungulia kioo. Simu hizi zikishafika kwenye nafasi za mwisho haziweki nyota tena, zinaonyesha herufi wazi ili mtu asikosee kwa bahati mbaya. Na herufi alizoziona hazikuwa jina la mtu yeyote aliyewahi kuzaliwa.

Zilikuwa p, p, p, p, p.

Gélase hakuwa anatafuta ufunguo. Alikuwa anaichoma simu.

Na ya tisa ikaenda. Rosalie akamkamata kifundo cha mkono, akakivuta chini kwa nguvu za mwanamke anayetwanga. Simu ikaruka, ikapiga ukingo wa meza, ikaanguka vumbini. Mfuniko huku, betri kule.

Wauza nyanya wakasimama kuangalia.

"Imebaki moja, shemeji," Gélase akasema, akijipangusa mkono kama aliyeshika mafuta. "Muombe Mungu vizuri huko kwenye chumba chenu cha maombi." Akaondoka bila haraka, akipokea simu yake ya kioo iliyokuwa inaita mfukoni.

Honoré akaokota vipande, akavipuliza. Alipotaka kurudisha betri, Rosalie akamzuia.

"Usiiwashe. Niambie kwanza. Ile siku baada ya mazishi, mvua ilipoingia ndani ya nyumba simu ikalowa, nikakuletea, ukabadilisha klavye. Hii uliyoweka ilitoka wapi?"

"Kwa ingine ilikufa, mama. Ya bwana mumoja wa ofisi, hapa hapa Lilongwe."

"Na ile yetu?"

"Mi situpake kintu."

Akavuta kopo la maziwa ya unga kutoka chini ya meza, akalimwaga. Vioo, vispika, vifuniko, vibetri vya simu zilizokufa. Chini kabisa kulikuwa na klavye ya Jules, imefubaa katikati pale vidole vyake vilipozoea.

Rosalie akailaza kando ya simu. Mwanamke wa shule ya msingi, lakini kusoma anasoma. Ya Bujumbura ilianza A, Z, E, R. Ya Lilongwe ilianza Q, W, E, R.

Honoré akaangalia, akaangalia tena.

"Mama Iteka," akasema polepole. "Hii simu ndani iko inaongea Kifaransa. Mi niliivalisha nguo ya Kiingereza."

"Sema nielewe."

"Kila wakati unafinya A, yeye anasikia Q. Fasi ya A yake, juu yake sasa banaandika Q."

"Basi jina la mtoto..."

"Lilikuwa lenyewe. Tangu siku ya kwanza." Honoré akavua kofia. "Mama, mi njo nilikuua."

Rosalie akakaa kwenye dumu la fundi. Ungedhani angefurahi. Lakini miezi yote hiyo alikuwa amelala na hasira juu ya maiti. Alikuwa amemwambia Mungu, kwa maneno ambayo gazeti haliwezi kuandika, kwamba Jules alimdanganya akiwa anakufa. Kumbe mtu wa watu alisema kweli, na yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa anabisha mlango kwa mkono usio wake. Na jina gani la kwetu halina A? Yote aliyojaribu yalikuwa nayo.

"Usimwambie mtu," akasema, akainuka. "Hata mkeo."

Akafunga simu na betri yake kwenye kitambaa, kila kimoja peke yake, akaondoka.

Kabaza, pikipiki ya abiria, ilimshusha penye njia ya kwake Dzaleka jua likiwa bado kali. Kitu cha kwanza alichoona ni viti. Viti vya plastiki vya kanisa, uani kwake, na watu wamekalia.

Mama Kabibi, fundi cherehani wa Fizi, akamkimbilia, futi ya kupimia ikining'inia shingoni.

"Mama Iteka, usiingie mbele sijakuambia. Shemeji yako amekuya na gari. Anasema bameitwa. Ndege ni juma hii. Anasema kilio kinaondoka leo."

"Leo ni Alhamisi."

"Mi nilimuambia ile ile. Akaniambia nimalizie mtoto robe, gauni ya safari." Mama Kabibi akashusha sauti. "Alinileteaka robe ya zamani ya Carelle, akasema nikate sawasawa nayo. Nilimuambia Iteka ni murefu, itambana. Akasema si kitu, atakondea njiani."

"Mtoto yuko wapi?"

"Iko anaivaa."

Rosalie hakuuliza anaivalia wapi. Kosa dogo hilo, msomaji. Lishike.

Gélase alikuwa amekaa karibu na mzee Nahimana, mkubwa wa ukoo na mzee wa kanisa, mtu ambaye hata kukohoa anakohoa kwa utaratibu. Mbele yao makreti ya Fanta. Gélase alikuwa amevaa koti.

"Shemeji amefika," akasema. "Wazee, kama nilivyowaeleza, simu imekufa. Nimeijaribu mwenyewe leo Tsoka, imekataa. Tusichelewe."

"Haijafa, mzee," Rosalie akasema, akapiga goti kusalimu. "Imebaki mara moja."

Mzee Nahimana akamgeukia Gélase. "Wewe uliigusa?"

"Niliijaribu tu."

"Neno la marehemu linafunguliwa hapa, mbele ya wote. Nani alikuruhusu sokoni?"

"Mzee, ni simu ya mdogo wangu."

"Na alijaribu neno gani?" mzee akamuuliza Rosalie.

"Hakujaribu neno, mzee. Aliandika herufi moja tu, inajirudia. P, mpaka nafasi zikaisha. Soko lote liliona tukiivutana."

Gélase akatabasamu. "Mnasikiliza mdomo wa mke siku ya kuganduka?"

"Mdomo wa mke siusikilizi," mzee Nahimana akasema. "Nasikiliza wako. Weka mkono kwenye Biblia, useme hukukusudia iteketee."

Biblia ikaletwa. Ilikuwa ya mzee mwenyewe, jalada limefungwa kwa plasta. Gélase akaiangalia. Tangu azaliwe hakuwa mtu wa kuogopa watu, lakini alikuwa amemzika mtoto mwaka uliopita, na mtu aliyezika mtoto haweki mkono popote ovyo.

Mkono haukunyanyuka.

Mtu akasogeza kreti, chupa zikagongana.

"Basi," mzee Nahimana akasema. "Kwetu, anayekanyaga neno la marehemu hana sauti siku ya kuganduka. Simu ikifunguka, tutafuata neno la Jules, liwe lolote. Ikijifuta, kosa ni lako, Gélase, na mtoto anabaki kwa mama yake. Utapanda ndege bila yeye."

Mama Kabibi akapiga vigelegele vifupi, akajiziba mdomo.

Umeona mambo yanavyogeuka? Asubuhi Rosalie hakuwa na mlango hata mmoja. Sasa alikuwa na miwili, na yote inaelekea kwake. Simu ikifunguka, Jules atakataa kama alivyokataa kitandani. Simu ikijifuta, mzee ameshahukumu. Gélase alikuwa ameegemea kiti, anatazama viatu vyake.

"Ingia ndani ujaribu, macho ya watu yasikukoseshe. Ikifunguka, neno lenyewe tutalisikia hapa," mzee akamwambia Rosalie. "Sisi tutaimba wimbo mmoja. Ukiisha, utoke na jibu."

Ningemwambia mtu yeyote: siku mbingu inapokufungulia milango miwili kwa pamoja, angalia chini.

Nyumba ya Rosalie ni chumba kimoja kilichokatwa na pazia. Akakaa kwenye godoro, akatia betri. Simu hizi ukizitoa betri zinaamka kama mgonjwa. Kitaa chekundu kikawaka. Kisaa cha mchanga kikatokea kwenye kioo, kikaanza kujigeuza, kikajigeuza. Nje walikuwa kwenye ubeti wa kwanza. Rosalie akaomba, kwa Kirundi, maneno machache tu. Hakuomba ifunguke. Aliomba mikono isitetemeke.

Kioo kikawaka. Simu ikamwonya kwa Kifaransa kwamba hii ni ya mwisho.

I. Akaangalia kioo. T. Akaangalia. E. K. Kisha kidole kikaenda kwenye Q, na kwenye kioo, wazi kama mchana, ikatokea A.

Akabonyeza kijipira.

Simu ikafunguka.

Picha ya kwanza ilikuwa Iteka, mdogo, hana meno ya mbele, amevaa mkanda wa baba yake wenye mfuko wa simu, unamfika magotini. Rosalie akaitazama mpaka nje wakaanza ubeti wa pili. Akazungusha kijipira, akaupata mchoro wa kinasa sauti. Faili moja tu. Akaisogeza sikioni, lakini spika za simu hizi ni za mabosi waliokuwa wanaongea na watu sita mezani. Sauti ikatoka yote.

"Rosalie. Ni mimi."

Kikohozi. Mlio wa kitanda cha hospitali.

"Gélase aliniomba mtoto, nilimkatalia mbele yako. Nilikuwa na hasira. Sasa hasira imekwisha, na mi naisha nayo. Nawaza. Tuliingia hapa Dzaleka Iteka akiwa mgongoni mwako. Leo anavaa viatu vyangu. Tulisema ni kwa muda mfupi, unakumbuka? Mi nimekufa ningali nasubiri. Sitaki na yeye asubiri."

Rosalie akatikisa kichwa, kana kwamba Jules alikuwa anamwona.

"Aende na Gélase. Aende hata kwa jina la Carelle. Gélase ana mambo yake, ila hatamlaza njaa mtoto. Wewe hutakubali, njo maana sikukuambia usoni. Sina nguvu ya kukuangalia ukilia. Nisamehe. Mzee Nahimana, hili ndilo neno langu. Rosalie asimzuie."

Kikohozi tena. Sauti ya nesi anauliza kitu kwa Chichewa. Jules anamshukuru, "Zikomo." Kimya.

Ubeti wa tatu.

Rosalie hakulia. Alikuwa mwanamke wa kulia maombini tu. Alikaa na simu mapajani, akaelewa mambo mawili kwa mara moja.

La kwanza: Gélase, pale sokoni, alikuwa anamchoma shahidi wake mwenyewe. Kama angeacha simu ifunguke, angepewa mtoto na baraka juu.

La pili lilikuja taratibu, kama paka anayeingia jikoni. Hakuna anayejua simu imefunguka. Honoré ndiye pekee anayejua kwamba ingeweza kufunguka, naye yuko Tsoka. Wazee wote wameambiwa imebaki mara moja. Wote wanajua simu hizi zinajila zenyewe. Na hukumu imeshatoka: ikijifuta, mtoto anabaki.

Hata uongo hautahitajika. Atatoka aseme, "Imejifuta, mzee." Itakuwa kweli tupu. Atakayelaumiwa ni Gélase, na Gélase si aliianza kazi hiyo mwenyewe?

Kitufe cha kufunga kiko juu ya simu hizi, pembeni. Akakibonyeza. Kioo kikazimika, kikawaka tena, kinadai ufunguo. Ukishaifungua inakurudishia nafasi zote kumi.

Akaandika p, p, p, p, p.

Ikakataa.

Kidole chake kilifanya kazi kama kinachochambua maharagwe, bila yeye. P, p, p. Ikakataa. Ikakataa. Nje waliimba juu ya mji usio na machozi, sauti ya Mama Kabibi juu ya zote. Simu ikamdai aandike jina lake yenyewe. Akaliandika, na kwenye A akafinya Q bila kuwaza, kama mtu aliyeizoea miaka mingi. Sasa ikalikubali jina lake.

P, p, p. Ikakataa. Kila mara simu ilikuwa inamwonya kwa Kifaransa kizuri cha ofisi, kwa adabu, kama karani anayemwomba mteja afikiri vizuri.

Alikuwa ameichukua kazi ya Gélase. Alijua. Alijua pia kwamba Mungu anaona ndani ya chumba chenye pazia. Akamwambia Mungu: funga macho kidogo.

Ubeti wa mwisho ukaanza. Simu ikaandika kwamba hii sasa ni ya mwisho, baada ya hii kila kitu kitafutwa. Rosalie akaandika herufi zake. P, p, p, p, p. Zikakaa pale kwenye kioo, wazi, zinangoja tu kijipira kibonyezwe.

Akaweka kidole gumba juu ya kijipira.

"Mama."

Pazia lilikuwa limefunguka. Iteka alisimama hapo na robe ya Carelle, mgongo haujafungwa vifungo, mikono imembana mpaka haiwezi kushuka vizuri. Alikuwa nyuma ya pazia muda wote.

"Iteka. Toka nje."

"Ilikuwa sauti ya papa."

"Toka nje, nimekwambia."

Mtoto hakutoka. Alikuwa anaangalia simu, si mama yake.

"Niliisahau," akasema. "Kila siku nilikuwa najaribu kuikumbuka, inakuja ya baba mkubwa. Mama, usifinye. Irudishe tu nisikie pale anasema zikomo."

"Umesikia mengine?"

"Nimesikia yote."

"Na unataka nini?"

Iteka akavuta robe mabegani. Haikuvutika.

"Irudishe kwanza," akasema.

Nje wimbo ulikwisha. Viti vikalia. Sauti ya mzee Nahimana ikaja mpaka mlangoni, taratibu, kila neno mahali pake.

"Rosalie. Imefunguka, ao imejifuta?"

Rosalie hakuwahi kumdanganya mzee wa kanisa, tangu abatizwe. Akafungua mdomo.

"Imefunguka, mzee," Iteka akajibu kwa sauti ya kufika uani.

Kidole gumba cha mama yake kilikuwa bado juu ya kijipira.